Usizime Kabla ya Amina

Nilishuka Mikumi asubuhi, jua likiwa tayari limeshaanza kuchoma lami, na kijana aliyekuja kunipokea sikumtambua hadi alipofungua mdomo. "Shikamoo, mama mdogo. Mimi ndiye Yona." Nikaitikia marahaba huku namtazama. Mara ya mwisho kumwona alikuwa kichanga, kafungwa kwa khanga mgongoni mwa mama yake, na kazi yake kubwa ilikuwa kulia kila nikigonga nyundo. Sasa ana mvi kwenye ndevu. Akachukua mfuko wangu, akanifungulia mlango wa gari lake dogo, tukaanza safari ya kwenda Kilosa, kwenye msiba wa baba yake. Baba yake ni Eliya, mpima ardhi, aliyekuwa mwenye nyumba wangu kwa mwaka mmoja nilipokuwa msichana. Simu ya msiba ilinifikia Iringa alfajiri ya siku iliyotangulia, na Yona akaniambia kwamba mama yake ndiye aliyeagiza nipigiwe mimi kabla ya wajomba na mashangazi. Hilo ndilo lililonikosesha raha njia nzima. Mtu anayeitwa kabla ya ndugu ama anapendwa sana, ama ana jambo la kujibu. Mimi na Eliya tuliagana bila ugomvi, tukapeana mikono mlangoni, lakini kwa miaka arobaini na zaidi sikupata kujua kama mkono ule ulikuwa unamuaga fundi au unamuaga mwizi.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa kutazamana. Wasomaji vijana watanivumilia nieleze kidogo. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na petroli ilikuwa ya kibali kilichopigwa muhuri. Jumapili alasiri magari yalikatazwa kutembea. Watu walikuwa wakisakwa majumbani kwa kuficha bidhaa, na ukisikia jirani anakaanga kitu, unajiuliza kwanza mafuta kayapata wapi, ndipo unajiuliza anakaanga nini. Malori ya miwa yalipita kule Ruhembe yamejaa hadi yanamwaga, nasi tulikuwa tunatafuna pingili ya muwa, kisha tunashushia chai kavu, na kusema chai ina sukari. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza mafunzo ya ufundi magari, nimepangiwa gereji ya kijiji pale Mikumi. Nilikuwa fundi mwanamke wa kwanza wenyeji wengi kumwona. Walikuwa wananisalimu kwa heshima, halafu wanainama kuangalia kama nati nilizokaza zimekaza kweli. Sikuwalaumu. Fundi yeyote mgeni hukaguliwa. Wewe unayeanza kazi hii leo, usiumie wakikukagua, kaza tu vizuri.

Nyumba ya Eliya ilikuwa ya matofali ya udongo, korido katikati na vyumba pande mbili, paa la bati, bila dari. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati. Ziliishia pale mkono wa mtu mrefu unapoishia. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakuambia pole. Kwa hiyo watu wa nyumba ile tulijifunza kusema maneno yetu ya siri uani, karibu na jiko, na yale tuliyosema ndani tulijua yana masikio. Mama Yona alipika vizuri kwa vitu vichache: mbaazi zilizoungwa kwa karanga, mlenda, na siku za bahati perege wakavu waliotoka Kilombero. Alikuwa mwanamke wa Kisanga, mcheshi, mwenye kicheko cha puani, na ndiye aliyeanza kuniita mdogo wangu. Eliya alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kupima mashamba ya vijiji, na nadhani kazi hiyo ilimharibu kidogo: alizoea kwamba kila mtu anayemwonyesha mpaka anamwonyesha uongo.

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, lilikuwepo gari. Lilikuwa jeupe, la milango miwili, la chini chini kama mbwa anayenyatia, na ubavuni bado lilikuwa na alama ya namba iliyobanduliwa, kwa sababu liliwahi kushindana mbio. Mhandisi mmoja wa kigeni aliyefanya kazi ya barabara alikuwa amelichosha, likaharibika, na alipoondoka akamwachia Eliya kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Hiyo ndiyo habari aliyoieleza Eliya, na kijiji kizima hakikuiamini. Mpima ardhi kupewa gari bure na mzungu? Walisema amemkatia shamba. Walisema mengine. Yeye alitaka tu litembee, kwa sababu Landrova ya ofisi ilikuwa imekaa juu ya mawe tangu masika, na vijiji alivyotakiwa kuvipima vilikuwa mbali, hadi kule Kilangali. Akaniambia, "Fundi, ukiliamsha hili, chumba unakaa bila kodi." Nikaliamsha. Ilinichukua jioni nyingi kabla giza halijaingia. Nilisafisha kabureta kwa unyoya wa kuku, nikachonga gasketi kwa kadibodi ngumu na kuzilowesha, nikabadilisha redieta iliyooza nikaweka ya trekta iliyokufa, ambayo ilikuwa kubwa hata ikabidi nikate bati la mbele. Nikaongeza jani moja la springi kila upande wa nyuma ili tumbo lisigonge mawe. Kichujio cha hewa nilikivisha kitambaa cha pili, maana vumbi la barabara ya Kilosa wakati wa kiangazi ni unga.

Gari lile lilikuwa na tabo, na bila kuelewa tabo hutaelewa kisa hiki, kwa hiyo twende pole pole. Umeona mhunzi anavyovukuta mivukuto ili moto uwake? Injini nayo ina moto ndani yake, na ukiipulizia hewa zaidi inawaka kwa nguvu zaidi. Tabo ndiyo mivukuto. Ni mapanga mawili madogo kama ya feni, yamefungwa kwenye mhimili mmoja. Panga la kwanza linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye ekzosi. Panga la pili, kwa kuwa liko kwenye mhimili huohuo, linazunguka nalo na kusukuma hewa kuingia kwenye injini. Yaani moshi unaotupwa unageuzwa kuwa mfanyakazi. Ni akili nzuri sana. Lakini mhimili ule unazunguka haraka kuliko kitu chochote ndani ya gari, na uko jirani na moto, na kinachouokoa ni oili tu, inayopita katikati yake muda wote injini inapounguruma. Ukizima injini ghafla baada ya kupanda kilima, oili inasimama, lakini joto halisimami. Kwa hiyo nilimwambia Eliya siku ya kwanza kabisa: ukifika, usizime. Acha injini ingurume taratibu, tabo ipoe, ndipo uzime. Akaitikia kwa kichwa, akasema amesikia.

Na kweli alifanya hivyo mwanzoni. Alikuwa anafika nyumbani jioni, gari linasimama mbele ya nyumba likiunguruma, naye ameketi ndani ametulia. Majirani wakaanza kusimama barabarani. Wazia mwaka ule, mtu anachoma petroli akiwa haendi popote. Balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu mzima mmoja mpole mwenye kofia ya pama, ambaye upole wake ndio uliotisha. Jioni moja alikuja, akaweka mkono juu ya boneti kama anavyopapaswa ng'ombe mnadani, akasema, "Ndugu Eliya, hii petroli ya kusimama ni ya nani?" Eliya akajibu kwamba ni kwa ajili ya mashine kupoa. Balozi akacheka kwa adabu, akasema mashine yake ya kusaga ikitaka kupoa anaizima. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa gereji, nilisimuliwa na Mama Yona usiku tukiosha vyombo, na sote tukacheka pia. Sikuona kwamba pale ndipo jambo lilipoanza.

Baada ya hapo oili ikaanza kupungua. Kila Jumamosi nilikuwa natoa kile kijiti cha kupimia, nakifuta, nakirudisha, nakitoa tena, na kila Jumamosi alama ilikuwa chini. Nikaongeza kutoka kwenye debe la Eliya, ambalo lilikuwa limepatikana kwa shida na nilikuwa nalitunza gereji. Nikamwaga majivu meupe chini ya injini ili nione tone. Asubuhi majivu yalikuwa makavu. Nikapapasa kila mfereji na kila nati. Pakavu. Sasa jiulize mwenyewe: oili haimwagiki, haionekani, na inapungua. Kijijini, mwaka ule, jibu lilikuwa moja tu. Mikokoteni mingi pale Mikumi ilikuwa inalia ekseli kwa kukosa oili, na mmoja wa mikokoteni hiyo, wa muuza kuni aliyezoea kupumzika kwenye kivuli cha gereji yetu, ukaacha kulia. Mimi nilijua kwamba alipaka mafuta ya nguruwe. Nani mwingine alijua?

Siku moja nikakuta boneti imefungwa kwa uzi mweusi, uzi mwembamba wa kushonea, umepitishwa kwenye kitasa na kufungwa kifundo cha mpima ardhi, kile ambacho huwezi kukirudia usipofundishwa. Debe la oili likahamia chini ya kitanda cha Eliya. Akaanza kunisalimu huku akitazama mikono yangu. Mezani aliniuliza, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba muuza kuni yule ni ndugu yangu? Nikasema hapana, Baba Yona. Akasema, aha, maana naona mnaelewana. Mama Yona akasukuma bakuli la mbaazi upande wangu, akasema nile. Nami, nisifiche, nikaanza kumshuku Eliya. Nilijiambia kwamba huyu ndiye anayeuza oili yake mwenyewe njiani, Ruhembe huko kwa wenye matrekta, kisha anatafuta wa kumbebesha. Nilimshuku hata balozi kwa mkono wake juu ya boneti. Nyumba ile yenye kuta fupi ikawa haina hewa. Tulikuwa tunakula tukisikilizana kutafuna.

Usiku mmoja nikasikia sauti ya Eliya ikipita juu ya ukuta, ya chini lakini wazi. "Nitampelekea balozi habari mwisho wa mwezi. Kama ni yeye, ataijibia huko."

Mama Yona akasema, "Na kama si yeye?"

"Nani basi? Gari linakunywa?"

Sikulala. Elewa uzito wa maneno yale. Mwaka ule mtu akipelekwa kwa balozi kwa habari ya oili, hakuulizwa tu kuhusu oili. Chumba chake kilipekuliwa mbele ya watu, na hata wasipokuta kitu, kupekuliwa kwenyewe kulitosha. Na mwanamke aliyepekuliwa kwa wizi wa oili asingeshika spana ya mtu tena, si Mikumi, si Kilosa, si popote habari zinapofika kwa treni. Jina la fundi ni chombo chake cha kwanza. Spana unaweza kuazima, jina huazimi.

Kilichoniokoa ni homa. Siku chache kabla mwezi haujaisha nilishikwa na malaria, nikabaki nyumbani mchana kutwa, nimejifunika blanketi, nasikiliza bati likipasuka kwa jua. Kwa kawaida Eliya alirudi nikiwa bado gereji, kwa hiyo sikuwahi kumsikia akifika tangu zile jioni za mwanzo. Alasiri ile nikasikia gari linakuja. Lakini haikuwa sauti ya gari. Yalikuwa matairi tu, yakikanyaga changarawe, shaaa, kama mtu anayeburuta gunia, halafu breki, halafu mlango. Injini haikuwepo. Nikakaa kitandani. Nikamwita Mama Yona, nikamuuliza gari limeharibika? Akashangaa. Akasema, "Mbona huwa linakuja hivyo kila siku? Anazima kule juu, mwanzo wa mteremko, linaserereka lenyewe hadi mlangoni. Anaokoa petroli. Na balozi hana la kusema."

Kila dereva wa nchi hii alifanya hivyo miaka ile. Lori, Landrova, hata gari la wagonjwa. Mteremko ulikuwa petroli ya bure. Kwenye gari la kawaida, ukiacha hatari ya breki, hakiharibiki kitu. Lakini Eliya alikuwa anapanda vilima vya kutoka Kilosa kwa kukanyaga hadi mwisho, tabo inakuwa nyekundu kama kaa la moto, anafika kileleni, na pale pale anaizima. Alikuwa ameogopa kuitwa mhujumu uchumi, naye kwa hofu hiyo akawa anaua tabo, na tabo ikawa inameza oili na kuichoma na kuitupa barabarani kwa moshi wa bluu, nyuma yake, mahali ambapo dereva hatazami na fundi hayupo.

Siku iliyofuata, homa ikiwa imelegea, nilimwomba Eliya akate ule uzi wake mwenyewe. Akaukata kwa wembe bila kuniangalia. Nikafungua bomba linalotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, nikamwomba Mama Yona kitambaa cheupe. Akaleta nepi ya Yona, iliyofuliwa. Nikaiingiza ndani ya bomba nikaizungusha, ikatoka imelowa oili. Kisha nikafungua tabo yenyewe, nikawaonyesha mhimili. Ulikuwa umeganda weusi mgumu, unameremeta, na ulicheza kwenye bushi zake, zile pete zinazoushika, kama jino la mtoto. Nikaanza kueleza habari ya joto na oili, na nilipokuwa natafuta maneno, Mama Yona akainama, akakwaruza ule weusi kwa ukucha. Akasema, "Hili ni karai la maandazi lililosahauliwa jikoni. Mafuta yakiisha kuungua hivi, hayafuliki." Nikasema ndivyo hasa, dada. Eliya alishika ile nepi muda mrefu. Alikuwa mtu wa vipimo. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Mwishoni aliuliza swali moja tu: "Sasa nisubiri kiasi gani? Na balozi nimwambie nini?"

Nikamwambia kiasi cha kusali Baba Yetu mara tatu bila haraka. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikipima mwenyewe, maana saa sikuwa nayo. Lakini Mama Yona aliona mbali kuliko mimi. Kicheko cha puani kikamtoka. "Basi sali kweli," akamwambia mumewe. "Kaa humo ndani uiname usali kwa sauti. Nani atamuuliza mtu anayesali petroli yake ni ya nani?"

Bushi mpya za shaba zilichongwa Kilosa na mzee mmoja mwenye mashine ya kuchongea, nikazifunga, na jioni ya kwanza sote tulijipanga barazani kwa hofu. Gari likaja linaunguruma. Likasimama. Eliya akainamisha kichwa, akaanza Baba Yetu uliye mbinguni, kwa sauti ya kanisani. Watu wakasimama barabarani kama zamani. Balozi akaja, mkono tayari umeinuka kuelekea kwenye boneti, kisha akasikia maneno. Mkono ukashuka, ukaenda kichwani, akavua pama lake. Alisimama hivyo hadi Amina ya tatu, na injini ikazimika. Akasema, "Mungu akubariki, ndugu," akaenda zake. Mama Yona alikimbilia uani, akacheka hadi akakaa chini.

Tangu siku hiyo oili haikupungua. Ningependa kukuambia kwamba mambo yakaisha. Lakini kulikuwa na ukuta mfupi, na juu yake nikasikia tena, wiki kadhaa baadaye, Mama Yona akisema, unaona sasa, mtoto wa watu, umwombe radhi. Na Eliya: "Inawezekana ni tabo. Inawezekana pia aliona tumeshtuka, akaacha." Mtu anayeshuku akikuta vitu vimepungua, ni wewe. Akikuta havipungui, ni kwa sababu umeogopa. Debe halikurudi gereji. Mwaka ulipoisha nikahamishiwa Iringa, tukapeana mikono mlangoni, naye akatazama mkono wangu.

Yote haya nilikuwa nayawaza wakati Yona anaendesha. Hakuwa msemaji, kama baba yake. Aliniambia kwamba lile gari jeupe liliuzwa zamani kwa vipuri, kabla yeye hajaanza shule, na kwamba halikumbuki. Tukaingia Kilosa, tukavuka reli, tukapanda hadi nyumba waliyohamia baadaye, iliyokuwa na viti vya msiba uani. Akaegesha. Nikashika kitasa ili nishuke, lakini injini ilikuwa bado inaunguruma, na Yona alikuwa ameinamisha kichwa juu ya usukani. Baba Yetu uliye mbinguni. Nikatoa mkono kwenye kitasa. Gari lake halina tabo. Nilikuwa nimelisikiliza tangu Mikumi. Akasali mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila haraka, nami midomo yangu ilikuwa inafuata. Amina. Akazima.

Nikamuuliza ni desturi ya kanisa lao? Akatabasamu, akasema hapana, ni ya nyumbani. Watoto wote wa Eliya huendesha hivyo, hata yule wa pikipiki. "Baba alikuwa mkali sana kwa hilo. Ukizima mapema anakugombeza. Alikuwa anasema, 'Usizime kabla ya Amina, utamsingizia fundi.'" Akachomoa ufunguo. "Mpaka leo hatujui maana yake, mama mdogo. Tulidhani ni methali ya Kikaguru."

Barazani, Mama Yona alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, amejifunga kitambaa cheusi, uso ameuelekeza kwetu. Hakuwa ameinuka kutupokea tulipoegesha. Alikuwa amesubiri. Sasa injini ilipokuwa imenyamaza ndipo alipoweka kiganja chini, akajiinua, akaja.